Shangazi Hanywi Maji Safarini

Shangazi yangu akisafiri hanywi maji. Kwa miaka mingi tuliichukulia kuwa tabia yake tu, kama kuna watu wasiokula mayai ya stendi. Kisha tukapanda naye basi la alfajiri pale Mbezi, Dar es Salaam, kwenda Mwanza, tukakaa kiti kimoja, nikaona mambo niliyokuwa siyaoni. Tangu jana yake baada ya magharibi hakuwa ametia kitu cha majimaji mdomoni. Chini ya dera alivaa khanga mbili, na ya tatu ameikunja ndani ya mkoba. Kiti alikichagua mwenyewe, jirani na mlango. Tulipofika Morogoro midomo ilikuwa imemkauka, na kila nikimpa chupa ya maji ananirudishia. Basi liliposimama porini tulipoipita Dodoma, watu wachimbe dawa, alikuwa wa kwanza kushuka. Hakufika kichakani.

"Nimezeeka, mwanangu," aliniambia tuliporudi kwenye viti, uso ameugeuzia dirishani. Shangazi ana miaka 54.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Tunalo la kila umri. Mtoto akikojoa kitandani, tunasema ni uvivu wa kuamka. Mama aliyejifungua akivuja, tunasema ndio uzazi wenyewe. Babu akiloanisha suruali, ni utu uzima. Na kwa kuwa kila mtu amepewa sababu yake, hakuna anayekwenda kuuliza. Ni kweli jambo hili linawapata wengi, lakini malaria nayo inawapata wengi na hatumwambii mtu aizoee.

Kabla ya kumshika mmoja mmoja, tuelewane namna mwili unavyofanya kazi. Kibofu ni mfuko wa msuli. Kwa mtu mzima hubeba kati ya mililita 300 na 500, yaani karibu na ujazo wa chupa moja ya soda, na mwenye kibofu chenye afya huenda haja ndogo kama mara nne hadi nane kwa siku. Chini ya mfuko kuna mlango wa misuli, na chini ya mlango kuna misuli ya nyonga, iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mpaka kifandugu. Waliolelewa Pwani wanakijua kitanda cha teremka tukaze: kamba zikilegea, aliyelala anazama katikati, mpaka ateremke zikazwe upya. Misuli ya nyonga ndiyo kamba hizo. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo.

Sasa kuvuja si kwa aina moja. Yupo anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua ndoo: kamba zake zimelegea. Yupo anayebanwa ghafla, akishika kitasa cha mlango wa choo tayari mambo yameharibika: mfuko wake unajikamua kabla haujaamriwa. Yupo ambaye mfuko haumaliziki, umejaa pomoni na kilichozidi kinadondoka tone tone. Na yupo ambaye mkojo unatiririka tu, usiku na mchana, amekaa au amelala: huyo ndani pametoboka. Wote wanne wataingia kwa daktari na kusema "mkojo unanitoka", na dawa zao hazifanani hata kidogo. Kidonge cha kutuliza kibofu kinachomfaa anayebanwa ghafla kinaweza kumzibia kabisa yule ambaye mfuko wake haumaliziki. Ndiyo maana ukisikia jirani amepona kwa dawa fulani, mpongeze, lakini usiiazime.

Tuanze na watoto, maana hapo ndipo tunapokosea kwa ukali zaidi. Mimi nilikuwa kikojozi mpaka darasa la nne. Najua uzito wa godoro la sufi lililolowa, najua kulibeba mbele ya watoto wa jirani hadi kwenye ukuta wenye jua, na wimbo walionizomea naujua mpaka leo. Sikuacha kwa sababu ya wimbo. Niliacha kwa sababu mwili ulikomaa, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa walio wengi. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo, na kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kufikia kiwango chake. Wengine usingizi wao ni mzito kiasi kwamba kibofu kinapiga hodi na hakuna anayeitika. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 bado wanakojoa kitandani, na kila mwaka karibu mmoja kati ya saba wa hao huacha bila dawa yoyote. Jambo hili pia hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, mtoto ana uwezekano wa karibu 44 kwa 100. Wakiwa wazazi wote wawili, unafika 77. Kwa hiyo baba unayechukua fimbo, kamuulize kwanza mama yako.

Chini ya miaka mitano, kukojoa usiku si ugonjwa. Mwache. Akishavuka hapo na mambo bado, anza na vitu vya nyumbani. Maji anywe ya kutosha, lakini mengi yawe mchana, na yapungue saa mbili kabla ya kulala. Chai na soda za usiku ziachwe. Aende chooni kabla ya kupiga mswaki, aende tena kabla ya kupanda kitandani. Mwangalie choo kikubwa: mtoto mwenye choo kigumu hujaza utumbo, na utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji vinaweza kufanya kazi ambayo bakora haikuiweza. Kumwamsha saa sita za usiku kunaokoa shuka, sikatai, ila hakumfundishi kuamka mwenyewe. Akilowesha, asaidie kutoa shuka kama anavyosaidia kuosha vyombo, bila hotuba. Mpira chini ya shuka ni fedha iliyotumika vizuri.

Mtoto wa miaka saba kwenda juu ambaye anaumia moyoni kwa jambo hili apelekwe hospitali. Kuna kengele ndogo inayolia unyevu unapogusa nguo ya ndani. Ikitumiwa kila usiku kwa miezi miwili mitatu, mzazi naye akikubali kuamka wiki za mwanzo kumwamsha mtoto, huwasaidia wengi kuacha moja kwa moja. Ipo pia dawa ya desmopresini, inayofanya kazi ya ile homoni ya usiku. Hiyo inafaa hasa kwa usiku maalumu, kama kambi ya skauti au kulala ugenini, na akiinywa hapaswi kunywa maji mengi usiku huo, maana chumvi ya mwilini inaweza kushuka vibaya. Haitolewi bila daktari.

Wa kumkimbiza ni mwingine: mtoto aliyekuwa amekaa miezi sita au zaidi mkavu, ghafla akaanza upya. Kama anakunywa maji kupita kiasi, anakonda na kuchoka, apimwe sukari siku hiyohiyo. Kisukari cha watoto huanza hivyo, na kikicheleweshwa kinaua. Kama anaungua akikojoa au ana homa, apimwe mkojo. Kama mkojo una damu, hasa mwishoni, na mnaishi Unguja, Pemba au penye mabwawa wanapoogelea watoto, fikirieni kichocho, ambacho dawa yake ya prazikwanteli inapatikana na ni rahisi kuitumia. Na kama amekuwa mkimya, anamkwepa mtu fulani au hataki kwenda mahali fulani, keti naye chini, muulize taratibu, na umwamini atakachokuambia. Mwili wa mtoto wakati mwingine husema kile ambacho mdomo umekatazwa.

Neno moja kuhusu shule za bweni. Wapo watoto wanaofaulu kwenda sekondari na kuililia barua ya kujiunga, kwa sababu orodha ya vifaa imeandika godoro. Usimwache aende na siri hiyo peke yake. Mama au baba azungumze na matroni kabla ya siku ya kuripoti, amwombee kitanda cha chini, amfungie shuka mbili za ziada na mpira. Matroni mzuri ameshawaona kumi wa namna hiyo. Akiwa si mzuri, ni bora ulijue siku ya kwanza.

Nije kwa mama mzazi. Mimba ya miezi tisa na mtoto kupita njiani huzilegeza zile kamba. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja kidogo katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, akipiga chafya au akiinuka na mtoto mgongoni. Kwa wengi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Dawa yake ya kwanza haiuzwi: ni kuzikaza kamba. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi hayo mwaka 1948, ndiyo maana wakunga wengi wanayaita ya Kegel. Wanawake wa Pwani wanaofundwa unyagoni watacheka wakisikia eti Mmarekani ndiye aliyegundua kubana.

Hata hivyo, wengi wanaoyafanya wanayafanya vibaya. Kaa wima. Fikiria uko katikati ya kikao cha harusi na upepo unataka kukutoka: ule mbano wa kuuzuia ndio unaotakiwa, ukiuendeleza mpaka mbele na kama unaivuta nyonga yote juu ndani ya tumbo. Matako yasikaze, mapaja yasibanane, pumzi isizuiwe. Ukiona unakunja uso, umebana pasipohusika. Shikilia ukihesabu hadi tatu, kisha legeza kwa muda uleule, maana kulegeza nako ni sehemu ya zoezi. Rudia mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku, na kila wiki ongeza hesabu mpaka ufike kumi. Halafu fanya mingine ya harakaharaka, bana-achia. Usijizoeze kwa kuukata mkojo katikati ukiwa chooni. Kufanya hivyo kila mara kunakichanganya kibofu na kuacha mkojo ndani. Lifungamanishe zoezi na jambo unalolifanya kila siku: maji ya ugali yanapochemka, daladala inaposubiri kujaza, mtoto anaponyonya. Na ukihisi chafya inakuja au unainamia ndoo, bana kwanza ndipo uinue. Hesabu miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Wengi huacha wiki ya pili, wakisema hayafanyi kazi. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, tafuta hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akuangalie kama unabana panapohusika.

Tofautisha sana hali hiyo na ile ya mama aliyekaa na uchungu siku nzima au mbili, kisha baada ya kujifungua mkojo ukawa unatiririka bila kukoma, hata akiwa amelala. Hiyo ni fistula. Kichwa cha mtoto kimeubana ukuta wa kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka damu ikashindwa kupita, nyama ikafa, tundu likabaki. Mara nyingi mtoto naye hakupona. Kisha mume anahama chumba, jirani anaziba pua, na mtu anaanza kusema karogwa. Tundu la fistula pia linaweza kubaki baada ya upasuaji wa uzazi au wa kutoa kizazi.

Siku za mwanzo zina thamani kubwa. Tundu dogo likiwahiwa, mgonjwa akawekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa ili kibofu kipumzike kikiwa kitupu, baadhi huziba bila kupasuliwa. Kwa hiyo mkunga au mama mkwe akiona mzazi analowa tu, asimwambie asubiri arobaini zipite. Waliochelewa, hata kwa miaka 20, bado wana njia, kwa kuwa upasuaji wa kuziba upo na kwa walio wengi hufanikiwa. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT pale Msasani huwatibu wanawake hao bila malipo, na iliwahi kuanzisha utaratibu wa kuwatumia nauli kwa M-Pesa, maana kwa mgonjwa wa kijijini basi ndilo lililokuwa ghali. Mwanza wanatibiwa Bugando. Bukavu, Kongo, hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, huwatibu waliojeruhiwa na uzazi pamoja na waliojeruhiwa na ubakaji wa vitani. Na Ethiopia, Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974, wakifundisha wapasuaji wa nchi nyingi. Ukimjua mwanamke wa namna hii kijijini kwenu, aliyejifungia chumba cha uani, mpelekee habari kwamba matibabu yapo na uongozane naye mpaka stendi. Simu peke yake haitoshi.

Turudi kwa shangazi na wenzake wa umri wake. Hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni hupungua, na ngozi ya uke na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu. Ongeza uzazi wa watoto watano, kilo zilizoongezeka, kikohozi cha moshi wa kuni, na miaka ya kubeba ndoo kichwani. Hapo kamba zimelegea na mfuko umekuwa na hasira, vyote kwa pamoja. Upo mpako wa estrojeni wa kutumia ukeni kwa kiasi kidogo sana, unaowasaidia wengi. Daktari akuulize kwanza historia yako. Ukihisi uzito au kitu kinachoteremka, kizazi huenda kimeshuka, na zipo pete maalumu za kukishikilia, na upasuaji upo pia. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo tano hadi kumi katika kila 100, tofauti huiona kwenye nguo. Lakini dawa za kubana zinazouzwa mitandaoni, shabu na majani ya kuingiza ukeni, ziogopeni. Zinachubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na misuli iliyolegea haifikiwi kwa kupakwa.

Kosa kubwa la shangazi lilikuwa lile alilolifanya kwa busara zake zote: kuacha maji. Mkojo mchache huwa mzito na mkali, unakichoma kibofu, nacho kinabana zaidi. Kuacha maji kunaleta pia choo kigumu na maambukizi. Kilichotakiwa kupunguzwa ni chai ya rangi vikombe vitano kwa siku, kahawa, soda ya kola na pombe, maana ndivyo vinavyokichokoza. Kosa la pili ni kwenda chooni kila mara "kwa tahadhari", kabla ya kutoka, kabla ya kupika, kabla ya kila kitu. Kibofu ukikizoesha kumwaga kikiwa na robo, kinasahau kubeba. Basi kinafundishwa upya. Ukibanwa, usikimbie, simama au kaa, bana nyonga mara tano sita, hesabu kinyumenyume kutoka 50, wimbi likipita ndipo uende kwa mwendo wa kawaida. Wiki ya kwanza chelewesha dakika tano, ijayo kumi, kisha robo saa, mpaka ufike saa mbili tatu kati ya safari na safari. Inachosha, na siku nyingine utashindwa. Sambamba na hilo, nawaomba wenye mamlaka ya shule, masoko na maofisi wasidhani ubanaji wa kulazimishwa ni mazoezi. Mama ntilie na mwanafunzi wa kike wanaojizuia tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu choo ni kichafu au hakina mlango wanaumizwa.

Wanaume tunajiona hayatuhusu mpaka tunapofika 50. Kijana anayedondokwa na matone baada ya kufunga zipu hana ugonjwa mkubwa: mkojo umebaki kwenye mkunjo wa mrija, na akibonyeza kwa vidole nyuma ya korodani akasukuma kuelekea mbele, utatoka wote. Mtu mzima ni habari nyingine. Tezi dume hukua kadiri umri unavyosogea, na kwa kuwa imeuzunguka mrija wa mkojo, inaubana. Dalili huja kwa hatua: unasimama chooni unasubiri, mkojo unatoka kwa unyonge, unakatika, unaamka mara tatu nne usiku, kisha unaanza kulowa bila kujua. Huko kulowa kwa mwisho huwadanganya wengi, wakadhani mkojo umekuwa mwingi, kumbe mfuko umejaa na unafurika. Mkojo ukigoma kabisa kutoka na tumbo la chini likavimba, nenda hospitali usiku huohuo. Na mwenye tezi iliyovimba awe mwangalifu na vidonge vya mafua na mzio vya duka la dawa. Baadhi yake huziba mkojo.

Najua kinachowazuia wanaume kwenda: ni kidole cha daktari kinachopima tezi kupitia njia ya haja kubwa. Vijiweni tumekigeuza kichekesho, na kichekesho hicho kimewapeleka watu kaburini. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja. Kipo pia kipimo cha damu, lakini daktari anaweza kuhitaji vyote viwili, kwa sababu kuvimba kwa kawaida na saratani huanza kwa sura inayofanana. Uvimbe wa kawaida una vidonge vya kulegeza mrija, ambavyo siku za mwanzo vinaweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, na ukishindikana upo upasuaji. Anayevuja baada ya upasuaji wa tezi asikate tamaa. Mazoezi yale ya nyonga niliyoyaeleza kwa akina mama ni yake pia, na kwa wengi hali huimarika ndani ya miezi kadhaa.

Kwa wazee wetu, shida mara nyingi haiko kwenye kibofu. Iko kwenye safari. Choo kiko nje, taa hakuna, magoti hayakunjiki, fundo la khanga haliachii. Bibi anavuja kwa sababu safari ya dakika moja inamchukua tano, na akiharakisha anaanguka, nyonga inavunjika. Basi punguza safari. Weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, taa ndogo ya sola, kiti cha kushikilia, nguo ya mpira kiunoni badala ya vifungo. Mkumbushe kila baada ya saa mbili tatu, hasa mwenye kusahau sana, naye usimuulize mbele za watu kama amekojoa tena. Mwambie, "Bibi, twende tukanyooshe miguu." Anayetumia dawa ya presha ya kukojoza aulize kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni, asiiache kwa uamuzi wake. Aliyevimba miguu ainyanyue juu ya mto alasiri, ili maji hayo yatoke kabla ya usiku. Mzee ambaye jana alikuwa mkavu na leo analowa huku anaongea vitu visivyoeleweka, mpeleke hospitali. Hayo si mambo ya umri. Na mtu wa umri wowote, kwa mfano aliyeanguka na bodaboda, mkojo ukimponyoka huku miguu ikiishiwa nguvu au mapajani kwa ndani pakifa ganzi, asingoje kesho.

Pampasi za watu wazima zinasaidia, lakini ni ghali, na zikikaa mwilini nusu siku zinachubua. Khanga chakavu zilizokunjwa, zikafuliwa na kuanikwa juani, si aibu. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe kwa kugusagusa, ipakwe mafuta mazito kidogo. Kama anayeuguza ni mtoto wa kiume na mgonjwa ni mama yake, tafuteni dada au mjukuu wa kike wa kumwosha. Hayo ni matibabu pia.

Waislamu wengi wazee huacha msikiti kwa kuona hawana twahara. Fikihi imeshawafikiria zamani. Mwenye udhuru wa mkojo usiokatika hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati wa sala ukishaingia, kisha huswali bila kukawia, hata kama mkojo unaendelea kudondoka. Mzee wako akimuuliza sheikh wa mtaa atamweleza vipengele vyake.

Ukiamua kwenda kutibiwa, nenda na karatasi. Kwa siku tatu andika ulikunywa nini na saa ngapi, ulikojoa saa ngapi na kiasi gani, na ulivuja ukiwa unafanya nini. Kupimia, chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa shingo inatosha. Nasisitiza karatasi kwa sababu ukifika na kusema tu "nina shida ya mkojo", una nafasi kubwa ya kuambiwa una yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kupewa vidonge vya siku tano. Shangazi alivinywa mara nne ndani ya mwaka mmoja na mkojo wake haukupimwa hata mara moja. Omba upimwe kabla ya dawa. Omba na sukari ipimwe. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Na ukiona haya kusema mbele ya wasubirio, mpe karatasi aisome.

Shangazi aliniandikisha mimi, kwa sababu miwani ilikuwa imevunjika. Siku ya kwanza karatasi ilikuwa na vikombe vitano vya chai ya rangi, na alitaka nifute viwili. Miezi mitano baadaye tulirudi Dar kwa basi. Bado huvuja akicheka sana, na khanga moja ya akiba ilikuwemo mkobani. Chupa ya maji ilikuwa mapajani mwake, imefika nusu. Tulipoipita Singida akamgonga kondakta begani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma, "Baba, tunachimba dawa wapi?"